Jiwe Jeupe, Jiwe Jeusi: Namna ya Kusoma Rangi ya Miamba ya Moto

Miamba yote ya moto huanza ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Ikishapoa, mmoja hutoka mweupe wenye madoa, mwingine wa waridi, mwingine wa kijivu, mwingine mweusi tititi. Aliyezoea kuisoma tofauti hiyo anaweza kushika jiwe asilolijua na, kabla hajaliweka chini, akakisia magma yake ilikuwa na silika kiasi gani na ilipoa haraka au polepole.

Wengi tulifundishwa kanuni fupi: jiwe jeupe lina silika nyingi, jiwe jeusi lina silika kidogo. Kanuni hiyo hufanya kazi mara nyingi, na pale isipofanya kazi hupotosha kabisa. Mwongozo huu unaitumia, lakini unaanza kwa kuonyesha rangi inatoka wapi, maana asiyejua hilo hawezi kujua ni lini aitilie shaka.

Anayepaka rangi ni chuma

Magma ina elementi nyingi, lakini nane ndizo zinazobeba karibu uzito wake wote: oksijeni, silikoni, alumini, chuma, magnesiamu, kalisi, sodiamu na potasiamu. Oksijeni na silikoni zikiungana tunapata silika, na kiasi cha silika ndicho kinachotumika kugawa miamba hii. Graniti ya kawaida ina silika ya asilimia 70 na ushee. Basalti ina kati ya asilimia 45 na 52. Katikati yao wapo dioriti na andesiti. Chini ya asilimia 45 ni miamba kama peridotiti, ambayo ndiyo hasa inayojaza tabaka lililo chini ya ganda la dunia.

Silika yenyewe haina rangi. Kwatzi safi, ambayo ni silika tupu, unaona hadi upande wa pili. Felspa, iliyojengwa kwa silika na alumini pamoja na potasiamu, sodiamu au kalisi, ni nyeupe au ya kijivu hafifu ikiwa safi. Elementi hizo zote hazinyonyi mwanga tunaouona kwa macho. Mwanga huingia ndani ya punje, hugonga nyufa na mipaka yake, kisha hurudi ukiwa mweupe kama ulivyoingia.

Chuma hakiuachi mwanga upite hivyo. Elektroni za ioni zake hunyonya sehemu ya mwanga. Katika olivini, madini ya kijani, karibu chuma chote ni cha aina moja ya chaji, nacho hula sehemu ya mwanga mwekundu na wa buluu na kuacha ukijani. Lakini pale ambapo ioni za chuma zenye chaji mbili tofauti zimekaa jirani ndani ya fuwele moja, elektroni huruka kutoka ioni moja kwenda nyingine, na mruko huo hula mwanga wa karibu kila rangi. Ndiyo sababu madini kama honiblendi na ulanga mweusi ni meusi, na magnetiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, ni nyeusi kuliko yote. Katika gramu 100 za graniti ya kawaida, oksidi za chuma huwa gramu mbili tatu hivi. Katika basalti hufika kumi au zaidi.

Magnesiamu hutajwa sana sambamba na chuma, hadi watu huidhani nayo inatia weusi. Haimo. Olivini yenye magnesiamu tupu, isiyo na chuma, haina rangi. Viwili hivi huonekana pamoja kwa sababu ioni zao zinakaribiana ukubwa na zina chaji sawa, kwa hiyo hugombea nafasi zilezile ndani ya fuwele. Ilipo magnesiamu, chuma hakiko mbali, na lawama huangukia wote wawili.

Swali linalobaki ni kwa nini chuma kimejaa kwenye magma fulani na kuadimika kwenye nyingine. Jibu kubwa lilitoka kwenye tanuri za maabara huko Washington, ambako Norman L. Bowen, mwanasayansi mzaliwa wa Canada, aliyeyusha na kupoza michanganyiko ya madini mwanzoni mwa karne ya 20. Aliona kwamba madini hayagandi kwa pamoja. Olivini hutangulia, hufuata piroksini, kisha honiblendi, kisha ulanga mweusi. Sambamba nazo huganda felspa za plajioklasi, zenye kalisi zikitangulia na zenye sodiamu zikifuata. Mwishoni kabisa huja felspa ya potasiamu, ulanga mweupe na kwatzi. Fuwele za mwanzo zikizama au zikiachwa nyuma, zinaondoka na chuma na magnesiamu. Magma inayosalia huwa imepungukiwa chuma na kujaa silika, na mwamba utakaotokana nayo utakuwa na rangi hafifu. Hii si njia pekee ya kupata magma ya aina hiyo, kwani kuyeyuka kwa ganda la mabara nako huitoa, lakini inaeleza vizuri kwa nini weusi na uchache wa silika hutembea pamoja.

Vifaa

Nyundo ya kuvunjia mawe, miwani ya kukinga macho, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, kisu au msumari wa chuma, sumaku, siki kidogo, maji, uzi, mizani ya kidijitali na karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Ukilazimika kuchagua, usiache lenzi. Na miwani si ya hiari: kibanzi cha obsidiani kina makali kuliko wembe.

Hatua ya 1: hakikisha ni mwamba wa moto

Rangi haina maana kama jiwe lenyewe si la ukoo huu. Jaribu kulikwaruza kwa kisu. Marumaru na mawe ya chokaa hukwaruzika kwa urahisi, na unga wake hutoa povu polepole ukitiwa siki. Felspa na kwatzi, zenye ugumu wa 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, haziguswi na kisu cha kawaida.

Kisha tazama punje zinavyoshikana. Katika mwamba wa moto zimebanana na kuingiliana bila gundi katikati, kwa sababu zilikua pamoja ndani ya kimiminika. Katika jiwe la mchanga punje ni za duara duara, zimegundishwa, na mara nyingi ukisugua kwa kidole zinabanduka. Punje nyeusi zikiwa zimejipanga mistari mistari, huenda unashika naisi, mwamba ambao pengine ulikuwa graniti kabla ya kubanwa na kupashwa moto upya. Na kama jiwe ni jeusi, lina matundu, lina mng'ao wa kioo na umeliokota karibu na mahali palipowahi kuyeyushiwa madini, fikiria kwanza mavi ya chuma. Hayo yamewadanganya wakusanyaji wengi wa mawe.

Hatua ya 2: pata uso mpya

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi yote. Uso wa nje wa jiwe haukuambii rangi ya jiwe. Mvua na hewa hukitoa chuma ndani ya madini na kukigeuza kutu, hivyo basalti nyeusi hupata ganda la kahawia au jekundu. Felspa za graniti hugeuka taratibu kuwa udongo mweupe wa kaolini, na jiwe lililokuwa la kijivu likaonekana limepauka. Jangwani mawe ya kila aina hufunikwa na utando mwembamba wa kahawia iliyokolea au mweusi wenye manganizi na chuma, kiasi kwamba hata graniti nyeupe huonekana nyeusi. Ukoga unaoota juu ya mawe huongeza rangi zake.

Shika jiwe kwa glavu au liweke juu ya jiwe kubwa, vaa miwani, ligonge ukingoni. Kipande kikitoka, pima kwa macho unene wa ganda la nje lililobadilika. Likiwa nene kuliko kipande chenyewe, gonga tena. Kama haliruhusiwi kuvunjwa, tafuta ufa au ukingo uliomeguka wenyewe na ufanye kazi hapo.

Hatua ya 3: tazama likiwa kavu, kisha likiwa limelowa

Fanya hivyo nje, kivulini, mchana. Taa za ndani zenye umanjano hubadilisha kijivu kuwa kahawia. Andika rangi ya jumla likiwa kavu, kisha lilowanishe. Maji hujaza mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, na punje hujitenga wazi: nyeusi hukolea, kwatzi huwa kama imetobolewa tundu la kuchungulia, felspa hubaki na weupe wake. Ukilinganisha mawe mawili, yawe yote makavu au yote yamelowa.

Hapohapo amua ukubwa wa punje. Zikionekana kwa macho matupu, magma ilipoa polepole ndani ya ardhi. Zisipoonekana hata kwa lenzi, ilipoa haraka juu ya ardhi au karibu yake. Kama hakuna punje kabisa, una kioo cha volkano. Uamuzi huu unaonekana mdogo, ila ndio utakaokuambia ufuate hatua ipi baadaye, na vilevile ni kiasi gani uiamini rangi. Kadiri punje zinavyokuwa ndogo ndivyo rangi inavyozidi kutia chumvi upande wa weusi.

Mfano wa wazi ni basalti. Karibu nusu yake, na wakati mwingine zaidi, ni plajioklasi, ambayo ni madini meupe. Kwa nini basi ni nyeusi? Kwa sababu vipande vyake vya plajioklasi ni vyembamba mno na vinapitisha mwanga, na kila upande vimezungukwa na piroksini na chembe za magnetiti. Mwanga ukiingia kwenye plajioklasi haupati nafasi ya kurudi, kwani hatua inayofuata unakutana na kitu kinachoumeza. Mchanganyiko uleule ukipoa polepole na kuwa gabro, punje za plajioklasi hukua hadi milimita kadhaa, mwanga hurudi kutoka ndani yake, na jiwe huonekana la madoa ya kijivu na nyeusi. Ukiweka basalti na gabro pamoja mezani, asiyejua ataapa kwamba hazina undugu.

Hatua ya 4: itaje kila punje

Kwa mawe ya punje kubwa, chukua lenzi, isogeze karibu na jicho, kisha sogeza jiwe mpaka lionekane wazi. Anza na nyeupe.

Kwatzi ina mng'ao wa kioo, ni ya kijivu au haina rangi, na huvunjika ovyo bila bapa. Kuna ya moshi pia, ambayo imetiwa giza na mnururisho wa asili ukishirikiana na alumini kidogo iliyomo. Usiihesabu miongoni mwa madini meusi. Felspa hupasuka kwa bapa, kwa hiyo ukiligeuzageuza jiwe juani utaona punje zikimetameta kwa zamu, kila moja kwa pembe yake. Kwenye bapa za plajioklasi, lenzi huonyesha michirizi myembamba iliyonyooka na kulingana. Felspa ya potasiamu haina michirizi hiyo, na mara nyingi ndiyo yenye rangi ya waridi. Ulanga mweupe huchambuka kwa ncha ya kisu kuwa karatasi za kung'aa.

Kwa upande wa giza, ulanga mweusi nao huchambuka, na hilo linatosha kuumaliza ubishi. Honiblendi na piroksini ndizo zinazosumbua watu, maana zote ni nyeusi au kijani kibichi kilichokolea. Tazama pembe kati ya bapa mbili: katika piroksini hukaribia 90, katika honiblendi ni takriban 60 na 120. Honiblendi pia hupenda kuwa ndefu na kung'aa zaidi. Ukishindwa, andika tu “madini meusi, si ulanga” uendelee. Kwa kusudi letu la rangi hupotezi kitu. Olivini ni ya kijani cha zeituni, haina bapa nzuri, na huonekana kama chembe za kioo. Kwenye ufuo wa Papakōlea huko Hawaii zimejikusanya kwa wingi hadi mchanga wenyewe ni wa kijani.

Kuna kanuni moja inayosaidia sana hapa: olivini ya kawaida yenye magnesiamu nyingi na kwatzi hazikai pamoja katika mwamba mmoja uliotulia, kwa sababu silika inayozidi huigeuza olivini kuwa piroksini. Ukidhani umeziona zote mbili kwenye jiwe moja, rudia kutazama.

Hatua ya 5: hesabu weusi

Macho hukadiria weusi kupita kiasi. Jiwe lenye asilimia 30 ya punje nyeusi, wengi watakuambia ni nusu kwa nusu. Ndiyo maana inafaa kuhesabu.

Kwenye karatasi ya plastiki chora nukta 100, safu 10 za nukta 10. Nafasi kati ya nukta iwe kubwa kidogo kuliko punje za jiwe lako, la sivyo utaihesabu punje moja mara mbili. Weka plastiki juu ya uso bapa uliolowanishwa, hesabu nukta ngapi zimeangukia punje za giza, zikiwemo olivini na magnetiti. Idadi hiyo ni asilimia moja kwa moja. Rudia kwenye nyuso tatu na uchukue wastani, hasa kama madoa yamejikusanya upande mmoja.

Wanajiolojia huita jiwe la rangi hafifu lile ambalo madini yake ya giza hayazidi asilimia 35. Kati ya 35 na 65 ni la wastani, kati ya 65 na 90 ni la giza, na juu ya 90 ni la giza tupu. Graniti nyingi hukaa chini ya 20. Dioriti hucheza kati ya 25 na 50, gabro kati ya 35 na 65. Angalia vizuri: hata gabro, ambayo kila mtu huita nyeusi, kwa hesabu hii ni ya wastani.

Hatua ya 6: uzito na sumaku

Hatua hii ni ya lazima kwa mawe ya punje ndogo, ambayo nukta hazisaidii kitu. Chuma kinaongeza uzito hata pale kinapojificha machoni.

Pima jiwe kavu kwenye mizani. Kisha weka chombo chenye maji juu ya mizani, irudishe isome sifuri, ulifunge jiwe kwa uzi na ulizamishe lining'inie bila kugusa kitako wala kuta. Namba inayotokea kwa gramu ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 290 likionyesha 100, densiti yake ni 2.9.

Graniti huwa kati ya 2.6 na 2.7. Basalti na gabro isiyo na matundu huangukia 2.8 hadi 3.1. Peridotiti mbichi hufika 3.2 na 3.3. Obsidiani, pamoja na weusi wake wote, ni 2.4 hivi. Jiwe lenye matundu halipimiki kwa njia hii, maana unapima na hewa.

Sumaku ni ya haraka zaidi. Itundike kwa uzi na uisogeze karibu na jiwe. Basalti nyingi huivuta kidogo kwa sababu ya magnetiti. Graniti nyeupe kwa kawaida haiivuti, ingawa zipo zenye magnetiti ya kutosha kuishtua, kwa hiyo usiitumie sumaku peke yake kutoa uamuzi.

Hatua ya 7: lipe jina

Sasa unganisha. Punje kubwa, felspa na kwatzi nyingi, weusi kidogo: graniti. Magma ya namna hiyohiyo ikipoa juu ya ardhi hutoa rioliti, yenye rangi ya kijivu hafifu, krimu au waridi. Punje kubwa, plajioklasi na honiblendi zikikaribiana, kwatzi haba: dioriti, na nduguye wa juu ya ardhi ni andesiti ya kijivu. Punje kubwa, plajioklasi na piroksini: gabro; ya juu ni basalti. Olivini tele na felspa karibu hakuna: peridotiti.

Majina haya yana mipaka iliyokubaliwa, lakini magma haikuwahi kuisoma. Utakutana na jiwe lililo katikati ya dioriti na graniti, na hapo jina sahihi ni granodioriti. Kuta maarufu za Half Dome huko Yosemite, Marekani, ambazo wageni huziita graniti, ni za aina hiyo.

Tahadhari na majina ya wafanyabiashara wa mawe. Kwao jiwe lolote gumu linalopokea msasa ni graniti, ikiwemo “graniti nyeusi”, ambayo mara nyingi ni gabro au nduguye wa punje ndogo. Larvikiti ya Norway, jiwe la giza lenye mmeto wa buluu, nayo huuzwa kwa jina hilohilo. Huyo ni mjanja zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa ni felspa, madini ya kundi jeupe.

Pale rangi inapokudanganya

Obsidiani ndiyo ya kwanza kukumbuka. Nyingi zina silika ya asilimia 70 na zaidi, sawa na graniti, ila ni nyeusi tii. Chuma chake ni kidogo, lakini kimetawanyika ndani ya kioo pamoja na fuwele ndogo mno za magnetiti, na kioo hakina mipaka ya punje ya kurudishia mwanga nje. Mwanga unaingia na kupotelea humo. Jaribio lake ni rahisi: shika kibanzi chembamba mbele ya jua. Ukingo utapitisha mwanga, wa kijivu au kahawia. Ukikisaga kidogo, unga wake ni mweupe, ilhali unga wa basalti ni wa kijivu.

Pumisi ni obsidiani iliyojaa mapovu. Kuta za mapovu hayo ni kioo chembamba sana, na kila ukuta hurudisha mwanga kidogo, ndivyo kioo cha dirisha kinavyogeuka cheupe kikipondwa. Katika kisiwa cha Lipari, Italia, pumisi nyeupe na obsidiani nyeusi zimelala karibu karibu, zimetoka kwenye volkano moja, na kemia yake inakaribiana mno. Wepesi wa pumisi ni wa ajabu: zilizotupwa na mlipuko wa Krakatau mwaka 1883 zilielea kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika. Lava ya aina ya basalti nayo hutoa mapovu na kuwa jiwe la matundu, lakini chuma chake ni kingi mno kwa weupe kupatikana. Hubaki jeusi, au huwa jekundu kama mvuke na hewa vilikioksidisha chuma likiwa bado la moto. Wekundu huo haumaanishi kwamba lina chuma kingi kuliko jirani yake jeusi.

Waridi wa graniti ni mtego wa namna hiyo. Graniti nyekundu ya Aswan, ambayo Wamisri wa kale waliichongea minara yao mirefu, imepakwa rangi na chembe ndogo mno za hematiti, oksidi nyekundu ya chuma, zilizotapakaa ndani ya felspa ya potasiamu. Kiasi chake ni kidogo sana. Usiihesabu felspa ya waridi kama madini ya giza.

Upande wa pili kuna mawe yenye rangi hafifu ilhali silika yake si nyingi. Duniti ni karibu olivini tupu, silika yake ni chini ya asilimia 45, lakini ikiwa mbichi ni ya kijani hafifu chenye umanjano. Ukiipima densiti, uongo unaisha papo hapo. Anothositi ni karibu plajioklasi tupu yenye kalisi nyingi. Ni nyeupe au kijivu, ingawa silika yake inakaribia ya basalti. Mfano wake mkubwa unaonekana usiku bila darubini. Sehemu nyeupe za Mwezi ni nyanda za juu zenye anothositi nyingi, na mabaka ya giza ni mabonde yaliyofurika lava za basalti. Waliotua na Apollo 11 mwaka 1969 walileta basalti kutoka kwenye baka mojawapo, na wale wa Apollo 15, mwaka 1971, wakaleta kipande cha anothositi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Mwezi, ulipokuwa bado mchanga, ulikuwa na bahari ya magma, na plajioklasi, kwa kuwa nyepesi, ilielea juu yake.

Na iko volkano moja isiyofuata kanuni yoyote kati ya hizi. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava ya kaboneti za sodiamu na kalisi ambayo karibu haina silika kabisa. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya basalti. Hutoka nyeusi au kahawia iliyokolea, kisha hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe ndani ya muda mfupi, saa au siku. Jiwe lilelile, mahali palepale, limekuwa jeusi na jeupe bila silika kuhusika. Moja ya madini yake huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere. Ukiwa karibu na volkano ya aina hiyo, weka kanuni ya silika pembeni kabisa.

Hatua ya 8: andika kabla hujasahau

Kwenye karatasi inayokaa na jiwe, andika mahali ulipolitoa na tarehe, rangi likiwa kavu na likiwa limelowa, ukubwa wa punje, madini uliyoyatambua, asilimia ya weusi na namna uliyoipata, densiti, na kama sumaku ilishtuka. Jina liandike mwisho, na kama una shaka litie alama ya kuuliza. Hifadhi vipande viwili, kimoja cha uso mpya na kimoja chenye ganda lake la nje, kwa sababu ukirudi mahali pale utakachokutana nacho ni ganda.